Breki za Chiriku

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika kikombe cha chai nilichokwisha kukipasha moto mara mbili na bado sijakinywa. Habari za huko? Wifi hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanagombea dirisha kila mkipanda gari? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na kunakucha. Mama amefunguliwa plasta wiki mbili zilizopita. Mkono umeunga vizuri, ila umekonda, na daktari amempa mpira wa kubinyabinya ili vidole virudi kazini. Anaubinya huku amenikazia macho mimi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, Kaka. Sijafika katikati ya habari, umeshatoa hukumu na umeshaniuliza kingine. Barua haikatizwi. Nakuomba kitu kimoja tu: uisome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote, si mimi, si Mama, wala Mzee Taratibu. Hasa Mzee Taratibu. Nakuandikia kwa ajili yake. Ameacha kufanya kazi ya breki, na nikikaa kimya mwezi mwingine ataacha kazi yote, mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa chini ya magari ya watu.

Nianze na Chiriku, kwa sababu nakujua, utamuuliza yeye kabla hujauliza kama mimi nimekula. Amerudi kutoka ile gereji kubwa uliyoagiza apelekwe. Boneti wameinyoosha, siwezi kuwasema vibaya. Rangi ya chungwa imelingana, ukipitisha kiganja husikii palipoungwa. Lakini injini! Mafundi wa pale wamevaa ovaroli safi kuliko nguo zangu za sikukuu. Walimzunguka Chiriku wakitafuta pa kuchomeka kompyuta yao, wakainama, wakapiga tochi, wakaitana. Gari la michezo la Kijapani lililotoka kiwandani mimi sijazaliwa, kompyuta ingechomekwa wapi, kwenye kiberiti cha sigara? Mmoja aliniuliza kama vile vioo viwili vilivyosimama mbele juu ya madigadi ni mapambo. Nikamwambia ni vya kutazamia waliobaki nyuma. Hakucheka.

Basi zile kabureta mbili wamezifunga kila moja kivyake. Moja inavuta kwa nguvu, nyingine inasinzia, na gari linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja na ndala moja. Asubuhi anakohoa. Ukivuta choki anatoa moshi mweusi mpaka jirani anafunga madirisha, na jirani mwenyewe unamjua, hafungi madirisha bila kusema neno. Mimi nimefanya ninachokijua: nimebadilisha oili, nimesafisha plagi zote sita kwa brashi ya waya, nimefuta vichwa vya betri. Kabureta sizigusi. Ni kazi ya sikio, na sikio hilo ni la Mzee Taratibu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nyote mlidhani nalitunza lile gari kwa ajili ya kumkumbuka Baba. Ndiyo, lakini nusu tu. Mimi nalipenda kwa ajili yangu. Wiki nzima nimeinama kwenye cherehani, pini mdomoni, napima viuno vya watu wanaobana pumzi ili waonekane wembamba. Ikifika Jumamosi asubuhi nafungua boneti kama alivyotufundisha Baba: kwanza kijiti cha oili, kifutwe, kirudishwe, kitazamwe tena, halafu maji, halafu mkanda wa feni ubonyezwe kwa dole gumba. Nawasha, nangoja mpaka sindano ya joto inyanyuke, kwa sababu Baba alisema injini ya baridi haikimbizwi, ni kama kumwamsha mtu kwa kofi. Kisha namchukua Mama na tunapanda barabara ya tanki la maji. Pale kwenye kona ya mwisho, nikishusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu, Chiriku anaacha kupiga domo na kuanza kuimba. Wallahi, Kaka, mwili wote husisimka. Mimi ambaye sokoni natembea nimeegemea ukuta ili nisigongwe na mikokoteni, pale juu simwogopi mtu. Nikirudi nyumbani nashona mpaka Jumatano bila kunung'unika.

Unakumbuka Baba alipofariki, tumerudi kutoka makaburini, tumesimama uani mbele ya gari. Ulisema kiti chake kisisogezwe. Kikae pale pale kwenye jino la mwisho la reli, alipokiweka yeye. Mama akalia, shangazi akaitikia, nami nikasema ndiyo. Kwako haikuwa shida. Wewe na Baba miguu yenu ya twiga. Kimo changu unakijua, ulikuwa ukinitania kwamba natumia stuli hata kuchuma pilipili. Lakini ndiyo nilisema, na ikawa sheria ya nyumba.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile, ambayo unaijua, au unadhani unaijua. Alhamisi yake Mzee Taratibu alikuwa amebadilisha raba za breki na kutoa hewa kwenye mabomba. Alifanya kazi hiyo kwa saa tatu, na kila mara mwenzake aliposhika spana kwa pupa alimwambia lile neno lake lililompa jina, taratibu, taratibu. Jumamosi tukapanda kilimani, Mama na mimi. Wakati wa kuteremka, lori la matofali lilikuwa limekatiza barabara likigeuza. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusimama. Sikusimama. Nilikata usukani, tukaingia ukuta wa kituo cha pampu, Mama akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika. Watu wakaja mbio. Wa kwanza kufika kwenye dirisha akauliza imekuwaje, nami nikasema breki zimegoma.

Wengine wakayachukua maneno hayo, yakashuka kilima kabla yetu. Hospitali Mama aliyarudia kwa muuguzi. Mzee Taratibu alikuja akiwa bado na grisi kwenye kucha, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Hapo ndipo ulipopiga simu, habari zimeshakufikia, ukaniambia nimpe Mzee, nami nikaweka sauti ya nje ili Mama naye asikie. Chumba kizima kilikusikia. Ulimwambia, "Mikono yako imezeeka, Mzee. Kaa nyumbani kabla hujaua mtu." Naye akasema, "Sawa, mwanangu." Akanirudishia simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe, na akatoka.

Tangu siku hiyo nilikuwa napitia njia ya nyuma nikienda dukani, nisipite mbele ya gereji yake. Lakini kabureta zilinishinda, na wiki tatu zilizopita nikajikaza nikaenda kumwomba aje azisikilize. Unajua anavyofanya: anaweka ncha moja ya mpira sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anafumba macho, anageuza skrubu robo, anahamia ya pili, mpaka zote mbili zivute pumzi sawa. Hakuna mwingine hapa anayeijua kazi hiyo.

Nilimkuta anabadilisha gurudumu la teksi. Kaka, sikuamini macho yangu. Alikaza nati tano, akazunguka, akazikaza tena, akasimama, akapiga hatua mbili kuondoka, akarudi kuzikaza mara ya tatu. Mwenye teksi alikuwa anacheka. Gari lilipoondoka, Mzee alisimama akilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona. Nilimweleza habari ya kabureta. Akasema kwa upole kwamba hapana, siku hizi anafanya magurudumu tu na kujaza upepo, atafute mtu mwingine yule aliyenituma. Nikamwambia sikutumwa. Akasema basi nitafute mtu mwingine mimi mwenyewe. Fundi wa kibanda cha jirani ndiye aliyeninong'oneza yaliyobaki: kwamba Mzee amempa yeye spana zake zote za breki, bure, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa; kwamba wateja wamehamia kwingine; na kwamba watu wa pale hawamwiti tena Taratibu. Wanamwita Breki Zimegoma. Anaitika.

Nilirudi dukani nikakata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Siku ya pili nikashona zipu kinyume. Nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga. Nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani nashtuka, nasubiri kishindo. Mama akaniuliza nina nini, mbona nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema ni joto. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kaka, kaa kitako sasa.

Breki hazikugoma. Breki alizofunga Mzee Taratibu sikuzikanyaga hata.

Tangu mwanzo miguu yangu haikufika. Ukitaka nikanyage klachi mpaka mwisho kwenye kile kiti, ilibidi niteleze nusu ya mwili mbele, kichwa kiko chini ya usukani kama mwizi. Kwa hiyo nilishona mto. Sponji mbili nene, kitambaa cha khaki, nikauweka mgongoni. Nikifika nyumbani nautoa na kuusukuma chini ya kiti, kisha nafuta kiti vizuri kisionyeshe alama. Mama alidhani ni wa maumivu ya mgongo, mafundi cherehani wote tunaumwa mgongo. Miaka miwili niliendesha hivyo. Mimi ninayepima watu kutwa kucha, kwapa hadi kiuno, kiuno hadi kisigino, sikuthubutu kusema kwamba kiti cha baba yangu hakinitoshi.

Siku ile niliinama mbele kutazama kioo cha kule kwenye madigadi, mto ukachomoka ukaangukia upande wa mlango. Nilipoona lori nikasukuma mguu kwa nguvu zangu zote, na mgongo wangu ukaenda nyuma, ukatafuta mto, haupo. Ncha ya kiatu iligusa ukingo wa pedali ikateleza. Basi. Ndiyo ajali yote hiyo. Ukuta ulipopasua bomba la breki la mbele, oili ikachuruzika chini, na kila aliyeinama kutazama akaona alichokwisha kuambiwa. Mzee mwenyewe aliinama akaitazama ile oili. Akasema labda kuna hewa ilibaki.

Mto niliufumua jioni ile ile. Khaki niliichoma. Sponji nilizikata nikazitia kwenye mabega ya makoti mawili ya wateja, na wamelipa na kushukuru. Wanatembea mjini na ushahidi wangu mabegani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye nilikuwa nguoni mwa Mzee Taratibu, binti wa rafiki yake, anayemwamkia kila asubuhi.

Utauliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu ya heshima ya Baba, kwamba nikisema mguu haukufika utauliza mto wa nini, na nikijibu nitakuwa nimekivunjia heshima kiti chake. Uongo huo nao. Ukweli ni kwamba niliogopa ungesema nimpe Mama funguo. Ungelisema, na ungekuwa na haki. Kati ya jina la mzee na Jumamosi zangu, nilichagua Jumamosi zangu. Nimeiandika sentensi hiyo mara nne katika karatasi nyingine na kuzichana. Hii siichani.

Nimeshamwambia Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ule mpira wake mezani, akaniuliza kama nimeshamwambia mwenyewe aliyekosewa. Nikasema bado. Akasema basi nisimpotezee muda yeye. Tangu hapo neno lake kwangu ni chumvi iko wapi na mlango umefungwa.

Juzi nikaenda. Nilichagua saa ya chakula cha mchana makusudi, mafundi wote wa ile barabara wamekaa juu ya matairi wanakula, kwa sababu jina lilichafuliwa mbele ya watu na sikuona haki ya kulisafisha kwa kunong'ona. Nikaamkia, nikasema yote nimesimama: kiti, mto, kiatu, uongo. Mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza. Mzee Taratibu hakunikemea. Aliniuliza ni sehemu gani ya mguu iliyogusa pedali. Nikamwonyesha, ncha ya kidole gumba. Akauliza kama pedali ilishuka. Nikasema haikushuka hata kidogo, nguvu haikufika. Akatikisa kichwa polepole, muda mrefu, kama anayefunga hesabu iliyomkatalia. Nilitamani anitukane, Kaka. Ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Aliponiangalia macho yalikuwa yamejaa. Akasema, "Miezi mitatu. Nilikuwa nimeshaamini, mwanangu."

Nikaanza kusema samahani, akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa amemaliza. Akasema, "Angesema mwingine ningemcheka. Aliyesema ni yule niliyemfundisha kushika spana."

Kisha akageukia gurudumu alilokuwa analifunga. Yule fundi wa jirani aliingia kibandani kwake, akatoka na kile kitambaa chenye spana za breki, akakiweka juu ya sanduku la Mzee. Mzee alikiona. Hakukigusa. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu kusimama, nikaaga, akaitikia. Leo asubuhi nimepita tena, njia ya mbele. Kitambaa bado kipo pale pale juu ya sanduku, hakijafunguliwa.

Kwa hiyo sikuandikii uamue jambo langu. La kwangu nimelianza na nitalimaliza, na nitakwenda kwake kesho na keshokutwa mpaka anifukuze au anikaribishe. Kuhusu gari, sikuombi ruhusa. Nimesogeza kiti mbele meno manne. Reli ilikuwa na kutu, ikalia, na mimi nikalia nayo, lakini sasa kisigino changu kinakaa sakafuni na breki naikanyaga mpaka mwisho. Ukija kulitembelea kirudishe nyuma unavyotaka, ni kiti. Ukiamua funguo ziende kwa Mama, nitazipeleka, sitabisha.

Lakini lile neno ulilomwambia hospitali siwezi kumwondolea. Nimejaribu juzi na nimeona kwa macho yangu halitoki. Mimi nilisema breki zimegoma. Yeye akaenda kutafuta kosa kwenye mabomba. Wewe ulisema mikono imezeeka, akaacha kutafuta. Ulidanganywa, najua, na aliyekudanganya ndiye huyu anayekuandikia. Hata hivyo neno ni lako na litatoka kwa mdomo wako. Usimwambie umemsamehe, hana kosa la kusamehewa. Usimweleze mambo yangu, nimeshajieleza. Mwombe radhi, kisha umuulize kuhusu kazi, jambo lolote la breki, hata za hizo ndege unazofanyia kazi huko, kama unavyomuuliza mtu unayeamini atakujibu.

Mama hakunituma salamu. Amesema zake atazitoa mwenyewe. Wifi mpe mkono, na wanangu wabusu kwenye paji la uso, mkubwa kwanza asije akanuna.

Namba ya Mzee ni ile ile. Hunawa mikono kama saa kumi na moja jioni, na kabla ya hapo hashiki simu. Iache iite, Kaka. Siku hizi huiangalia kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea wewe na yeye